Nani Mwingine Yumo Kwenye Mkutano Wenu wa Video?

Swali ni lilelile, ingawa huulizwa kwa namna nyingi: "Tukizungumza kwa video, kuna mtu mwingine anatusikia?" Huuliza wazee wa ukoo wanaopatana mahari, nusu yao wakiwa Baraka, mashariki mwa Kongo, na nusu wakiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa nchini Tanzania. Huuliza viongozi wa makanisa wanaoendesha maombi ya kila juma na waumini waliohamia Marekani, Kanada na Australia. Huuliza vijana wa sosiete sivili wa Fizi, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na watu wa mutualite wanaochangishana pesa za matanga. Swali limezidi uzito tangu waasi wa M23 walipoichukua Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kwa kuwa mengi yaliyokuwa yakisemwa ana kwa ana sasa yanapitia kwenye simu.

Jibu ni hili: ndiyo, mnaweza kusikiwa, ila mara nyingi anayewasikia si yule mnayemwogopa. Wengi humwogopa fundi wa kompyuta aliyekaa mbali akinasa maneno yakiwa njiani. Mtu wa namna hiyo yupo, lakini ni adimu na kazi yake ni ya gharama kubwa. Siri za mikutano huvujia zaidi kwenye ncha mbili za mazungumzo: linki iliyotumwa ovyo, simu isiyofungwa, programu ya bandia, jirani mwenye masikio, mshiriki aliyerekodi. Ncha hizo zimo mikononi mwenu wenyewe, na kuzifunga hakuhitaji shahada wala simu ya bei kubwa. Kunahitaji mpango, na mtu mmoja wa kuusimamia.

## Siri huvujia wapi hasa

Watazameni waliovujiwa ilhali walikuwa na kila njia ya kujilinda. Tarehe 20 Novemba 2020 mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya walikuwa kwenye mkutano wa siri wa video. Mwandishi wa habari wa Uholanzi, Daniël Verlaan, akaingia na kuwapungia mkono. Hakuvunja mtambo wowote. Akaunti ya Twitter ya waziri wa ulinzi wa Uholanzi, Ank Bijleveld, ilikuwa imetoa picha ya kikao, na katika picha hiyo zilionekana tarakimu tano kati ya sita za nambari ya kuingilia. Iliyobaki ilikuwa ya kubahatisha tu. Miaka mitatu na ushei baadaye, Machi 2024, vyombo vya habari vya Urusi vilitangaza mazungumzo ya maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani yaliyofanyika kwa Webex. Waziri wao wa ulinzi, Boris Pistorius, alieleza kwamba ofisa mmoja alikuwa ameunganishwa kutoka Singapore kupitia njia isiyo salama. Wengine wote wangefuata kila kanuni, bado mmoja huyo angetosha.

Hii haina maana kwamba kampuni hazina lawama. Zoom iliwaambia wateja kwamba mazungumzo yao yalisimbwa, yaani yalifichwa kwa fumbo, tokea simu ya msemaji hadi ya msikilizaji, kumbe funguo za fumbo hilo zilikuwa kwenye seva za kampuni yenyewe. Mwaka 2020 ilikiri kasoro hiyo, na mamlaka ya biashara ya Marekani ikaichukulia hatua. Mei 2019 iligunduliwa kwamba programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO ya Israeli iliingizwa kwenye simu za watu wapatao 1,400 kwa kupigiwa tu kwenye WhatsApp, hata wasipopokea. Lakini angalieni dawa ya kila kasoro. Zoom iliongeza usimbaji kamili Oktoba 2020, ila mwenye mkutano ndiye anayeuwasha. WhatsApp ilitoa toleo lililoziba pengo hilo, ila mwenye simu ndiye anayelipakua. Hata kosa la kampuni huponywa kwenye ncha.

## Kabla ya mkutano: mteueni mlinda mlango

Kosa la kwanza hufanyika siku kadhaa kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, linki inapobandikwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Linki hupelekwa mbele. Yule aliyeitumia shemeji yake ili asikose maombi hana nia mbaya, na shemeji naye anamtumia mwingine. Kufikia siku ya mkutano hakuna anayejua nani ana njia ya kuingia. Mbaya zaidi, vikundi vingi hutumia linki ileile kila Jumapili mwaka mzima, kwa hiyo aliyeondolewa kwenye kundi baada ya ugomvi bado anaweza kuingia na kunyamaza pembeni. Ndiyo sababu kila mkutano unahitaji mlinda mlango, na ni afadhali asiwe mwenyekiti, maana mwenyekiti atakuwa akisikiliza hoja. Kazi yake ni hii:

- Atengeneze linki mpya kwa kila kikao cha mambo nyeti.
- Aitume kwa mtu mmoja mmoja, saa chache kabla, na si kwenye kundi kubwa.
- Aweke neno la siri, na alitume kwa njia nyingine, kwa mfano kwa SMS au kwa kulitamka kwenye simu ya kawaida.
- Awashe chumba cha kungojea, ili asiingie mtu kabla ya kukubaliwa.
- Awe na orodha ya walioalikwa. Jina la "Samsung A04" au "iPhone ya Baba" halitoshi. Mwenye jina hilo ajitaje kwa sauti kabla ya kupokelewa.
- Wote wakishaingia, aufunge mkutano.

Tahadhari: msiweke linki wala picha ya tangazo lenye nambari ya mkutano kwenye Facebook. Ibada ya wazi au matanga yanayorushwa kwa kila ndugu ni jambo jingine, kwani hapo hamna siri ya kulinda. Hata hivyo zimeni ruhusa ya wageni kuonyesha vioo vyao. Mwaka 2020, mikutano ilipohamia Zoom kwa sababu ya korona, wahuni waliingia madarasani na makanisani na kurusha picha chafu kwa njia hiyo hiyo.

## Simu yenyewe

Mkutano uliofungwa vizuri hauna faida ikiwa simu iko wazi. Hapa kwetu kuna hatari tatu za kujihadhari nazo. Ya kwanza ni kupeana programu kwa Bluetooth au kuwekewa na fundi ili kuokoa mega. Ya pili ni WhatsApp za kubadilishwa, kama GB na nyinginezo, zinazopendwa kwa sababu zinaficha alama za kusoma ujumbe. Kampuni ya usalama ya Kaspersky ilikuta programu hasidi ndani ya toleo liitwalo FMWhatsApp mwaka 2021, na mwaka 2022 ikakuta jambo kama hilo ndani ya YoWhatsApp. Anayetumia programu ya namna hiyo amempa mtu asiyemjua nafasi ndani ya kila kikao anachohudhuria, tena bila kualikwa.

Hatari ya tatu ni simu inayoachwa kwenye kibanda cha kuchaji. Mtu akiipata bila kufuli kwa dakika moja tu, anaweza kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, kisha akasoma linki zote utakazotumiwa tangu siku hiyo. Fanyeni hivi:

1. Ifungeni simu kwa nambari ya siri. Mchoro unaobaki umechoreka kwa mafuta ya vidole hausaidii kitu.
2. Fungueni sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Kifaa msichokijua, kiondoeni hapo hapo.
3. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, na PIN yake iwe tofauti na ile ya pesa za simu.
4. Pakueni programu kutoka Play Store au App Store. Kama mega hazitoshi, kusanyeni kidogokidogo kwa ajili ya WhatsApp na programu moja ya mikutano tu.
5. Nyamazisheni simu za watu msiowajua. WhatsApp iliweka kitufe hicho mwaka 2023.
6. Ikiwa mna sababu ya kuficha mahali mlipo, washeni kipengele cha kulinda anwani ya IP kwenye simu za WhatsApp. Ubora utapungua kidogo, lakini mnayeongea naye hataweza kuiona anwani yenu ya mtandao.

## Mkutano ukiwa unaendelea

Mahali penye mtandao mzuri mara nyingi ndipo penye watu. Anayepanda mahali pa juu kutafuta rezo atawakuta wengine wamekuja kwa haja hiyo hiyo, na anayekaa uani huku spika ya simu ikipaza atasikika hadi kwa jirani wa tatu. Usimbaji wa kampuni tajiri kuliko zote hauzibi masikio ya mtu aliyeketi mkekani karibu nawe. Kwa mambo mazito tumieni spika za masikioni zenye waya, ambazo ni za bei ndogo. Hata mkiwa nazo, kumbukeni kwamba sauti yenu wenyewe bado inasikika. Kwa hiyo mkubaliane mapema ni maneno gani hayatatamkwa kabisa.

Picha nayo inasema. Ukuta wenye kalenda ya shirika, dirisha linaloonyesha mnara wa kanisa, mtoto aliyevaa sare ya shule yake: vyote vinamwambia mtazamaji mlipo. Zimeni video msipoihitaji. Faida zake ni mbili, kwani hamwonekani, na mega zinadumu.

Kuonyesha kioo cha simu ni jambo la kuogopwa zaidi. Ukikionyesha, washiriki wanaona kila kitu kinachopita, pamoja na ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, salio lako, na nambari za uthibitisho zinazoingia kwa SMS. Matapeli wanalijua hilo. Hupiga video, hujiita wafanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu, kisha huomba uwaonyeshe kioo "ili wakusaidie". Hakuna ofisi ya kweli inayohitaji kuona kioo cha simu yako. Kata simu.

## Kurekodi

Wengi hudhani kwamba wasipoona alama nyekundu, hakuna anayerekodi. Si kweli. Alama hiyo huonyesha tu kurekodi kwa kutumia programu yenyewe. Simu ya pili iliyowekwa mbele ya ya kwanza hunasa yote bila alama yoyote, na hakuna kampuni inayoweza kuizuia. Kikulacho ki nguoni mwako: rekodi nyingi zinazosambaa hutoka kwa mtu aliyealikwa. Kwa hiyo ulinzi wa kweli ni kuchagua watu na kuchagua maneno.

- Ulizeni mwanzoni: "Kuna anayerekodi?" Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.
- Kama rekodi inahitajika, arekodi mmoja, na ijulikane itawekwa wapi na itafutwa lini.
- Msiiache rekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo na neno la siri. Mwaka 2020 maelfu ya video za Zoom zilikutwa wazi mtandaoni kwa sababu faili zake zilipewa majina ya aina moja yanayotafutika kirahisi.
- Majina ya wahanga, ya watoto na ya mashahidi yasitajwe kwenye kikao kinachorekodiwa.

Sheria iko upande wenu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya faragha na ya siri ya mawasiliano yake, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu inayolinda data binafsi. Ni vyema kumkumbusha hayo anayetishia kusambaza rekodi. Lakini sheria huja baada ya madhara, kwa hiyo msiitegemee kama kufuli.

## Uso unaouona si ushahidi

Zamani kumwona mtu kwa video kulitosha kuthibitisha kwamba ni yeye. Siku hizi hakutoshi. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye mkutano wa video na watu aliodhani ni wakubwa wake, akatuma kiasi cha dola milioni 25 za Marekani. Wenzake wote aliowaona walikuwa sura na sauti zilizotengenezwa na kompyuta. Hapa kwetu mtego huwa mdogo zaidi. "Ndugu" anapiga kutoka Marekani, picha inakwama, sauti inakatika, anasema mtandao mbovu, kisha anaomba pesa za haraka. Mtandao mbovu unaaminika, maana tunauishi kila siku, na tapeli anaufanya kichaka chake.

- Kabla ya kutuma pesa, kata simu, kisha mpigie ndugu huyo mwenyewe kwa nambari uliyo nayo tangu zamani.
- Wekeni swali la familia ambalo jibu lake haliko Facebook.
- Anayekuomba nambari sita zilizoingia kwa SMS "ili akuingize kwenye mkutano" anataka kuiba akaunti yako ya WhatsApp. Hakuna mkutano unaohitaji nambari hizo.
- Mlio kambini Lusenda, na ndugu zenu walioko Nyarugusu: huduma za UNHCR hutolewa bure. Mahojiano ya video yanayodai malipo ya kuhamishiwa nchi ya tatu ni utapeli, hata kama nyuma ya msemaji kuna nembo.

## Tutumie programu ipi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na uzito wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa mazungumzo ya familia na vikao visivyozidi watu 32, WhatsApp halisi inatosha, na maneno yake husimbwa bila ninyi kufanya lolote. Lakini kampuni bado hujua nani alimpigia nani na saa ngapi. Kwa mambo nyeti zaidi, Signal huweka kumbukumbu chache sana za aina hiyo, ila lazima wote wawe nayo. Kwa mikutano mikubwa, Zoom na Google Meet zinafaa mkikubali kwamba kwa mpangilio wa kawaida kampuni inaweza kuyafikia mazungumzo. Kwenye Zoom mnaweza kuwasha usimbaji kamili, ila hapo hamtaweza kurekodi kwenye hifadhi ya kampuni, wala hataingia anayepiga kwa simu ya vitufe.

Mnaokusanya habari za ukiukaji wa haki, pigeni hatua moja zaidi. Ushahidi wa mtu aliyeona mauaji au aliyebakwa usichukuliwe kwenye mkutano wa watu wengi, hata uwe umefungwa namna gani. Chukueni ushahidi huo na mtu mmoja tu, kwa njia iliyosimbwa, bila jina. Futeni historia ya simu na ujumbe kabla ya safari, kwa kuwa simu inayofunguliwa kwenye barieri husomwa bila kuhitaji ufundi wowote. Na mtandao ukizimwa, kama ulivyozimwa nchi nzima kwa siku takribani 20 kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, msikimbilie programu za bure za VPN msizozijua. Pangeni mapema njia mbadala, hata ikiwa ni SMS isiyotaja jambo lenyewe.

## "Lakini..."

"Sisi ni watu wadogo. Nani atajisumbua kutusikiliza?" Jasusi wa dola pengine hatajisumbua. Atakayejisumbua ni mdai, mshindani wa shamba, aliyekosa kazi, tapeli anayetaka kujua ni lini pesa za mchango zitatumwa na kwa nambari ipi. Mtu mdogo ana siri zenye thamani kwa watu wa karibu yake.

"Wazee watashindwa na maneno ya siri." Chumba cha kungojea hakimhitaji mzee afanye lolote. Anabonyeza linki, anangoja, mlinda mlango anamtambua na kumpokea. Panapokuwa na mzigo, aubebe kijana mmoja badala ya wazee kumi.

"Mega ni ghali." Linki mpya, kufuli ya simu, orodha ya majina: hakuna hata kimoja kinachokula mega. Kuzima video kunaziokoa.

"Kujifungia kutatufanya tushukiwe." Hoja hii ina ukweli wake mahali ambapo kila kundi linatiliwa shaka. Jibu lake ni kutenganisha vikao. Yaliyo ya wazi yafanywe wazi kabisa, hata kwa kualika viongozi wa mtaa, na faragha ibaki kwa mambo ambayo kila mtu anaelewa kwa nini ni ya faragha: ugonjwa, mahari, pesa, usalama wa mashahidi. Anayeficha kila kitu hushukiwa, na anayeanika kila kitu huumiza watu wake.

## Makosa yanayorudiwa

- Kupiga picha ya washiriki na kuibandika kwenye status kikao kikiwa hakijaisha.
- Kuacha kipaza sauti wazi huku mazungumzo ya nyumbani yakiendelea.
- Kumpokea mgeni kwa haya, kwa kuogopa kumuuliza jina.
- Kubonyeza linki ya "mkutano wa ajira" inayotaka kwanza upakue faili.
- Kuahirisha masasisho ya programu mwezi baada ya mwezi.
- Kudhani kwamba kikao kimekwisha ilhali mmoja bado hajatoka. Mlinda mlango aufunge mkutano kwa wote, si kutoka yeye peke yake.

Kama mna nafasi ya kufanya matatu tu kabla ya kikao kijacho, yawe haya: ondoeni WhatsApp za kubadilishwa kwenye simu za washiriki wote, tengenezeni linki mpya yenye chumba cha kungojea, na mteueni mlinda mlango kwa jina lake. La kwanza litachukua siku kadhaa, kwani kuna atakayekataa kuiacha GB yake. Asipokubali, mpeni muhtasari baada ya kikao badala ya kumwingiza. Usalama wa mkutano hupimwa kwa mshiriki wake mzembe kuliko wote, na kundi lina haki ya kumwambia hivyo.